Siku Rika Ilipomwamkia Fausta

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya uvuguvugu, nimesimama kati ya kitanda cha kwanza na cha pili, na nikasikia kwa masikio yangu haya Rika ikimwamkia mtoto wa miaka minane.

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa ya salamu. Rika huwa inapita kitanda kwa kitanda. Haina miguu wala macho, ni sauti tu inayotoka kwenye kispika kidogo juu ya kichwa cha mgonjwa, na inakujua kwa bangili uliyovaa mkononi. Mtu kwake ni bangili. Kila mmoja inamsemesha kwa namna yake, ndiyo maana walivunja ile wodi ya watoto na ile ya wazee, wakatulaza wote pamoja. Walisema kwa nini mjenge kuta wakati sauti yenyewe inajua kubadilika.

Ilianza kwa Bibi Agripina, miaka themanini na mbili, mapafu.

"Shikamoo bibi," ikasema, sauti ya mjukuu aliyelelewa vizuri. "Goti limekuacha ulale?"

"Marahaba mwanangu. Goti lipo tu, halina pa kwenda."

Ikahamia kitanda cha pili, kwa Fausta. Fausta Mgaya alichomwa na mti mguuni akichunga, kidonda kikaoza, vijidudu vikaingia kwenye damu. Siku zote Rika ilikuwa inamsemesha kama dada mkubwa mwenye pipi mdomoni: mambo mdogo wangu, umeota nini leo? Nami nilikuwa nasubiri hiyo. Nilikuwa hata natabasamu.

"Shikamoo, Fausta," ikasema Rika. Polepole. Kwa heshima.

Maji yakamwagika kwenye viatu vyangu.

Fausta alifungua macho. Alikuwa amekauka midomo, lakini alicheka kwa furaha kama kapewa zawadi.

"Marahaba," akajibu. Halafu akanigeukia. "Dada Oliva, umesikia? Imeniamkia."

"Nimesikia."

"Mimi ni mkubwa sasa."

Kitanda cha tatu, Devota akaangua kicheko. Devota alikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha sita, kapasuliwa tumbo, na kazi yake pale ilikuwa kuomba kioo. "Shikamoo bibi Fausta," akasema. "Utugawie mashamba basi."

"Niaje Devo," Rika ikamwambia Devota, imesharudi kwenye sauti ya kijiweni. "Tumbo linasemaje?"

"Linasema lete kioo."

"Sina mikono, Devo."

"Ndio maana huolewi."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa namkumbuka Mwinami, dereva wa lori la viazi, miaka thelathini na moja. Jumatatu moja Rika ilimwamkia shikamoo, naye akajibu, "Marahaba, kamsalimie baba yako," tukacheka mpaka tukashika mbavu. Jumatano nilikunja shuka zake. Baada yake mwalimu wa chekechea, ishirini na saba, siku mbili. Pale kwenye chumba cha kufulia sisi wahudumu tulikuwa tunaliongea kwa minong'ono, halafu tunafungua bomba maji yapige kelele.

Sasa ilikuwa zamu ya mtoto.

*

Sista Gaudensia alikuwa mezani kwake, mita sita tu kutoka pale. Ndiye mkuu wa wodi, kabakiza miaka miwili astaafu, na sweta lake lina mifuko mikubwa ambayo hakuna aliyewahi kuona mwisho wake.

"Sista, Rika imekosea."

"Haijakosea." Hakuinua uso.

"Umesikia ilichosema?"

"Oliva, mimi si kiziwi."

Akanigeuzia kioo cha mashine. Fausta Mgaya. Kilo 22. Ngazi ya 4. Chini yake: sindano ya kuua vijidudu, imesitishwa. Dripu, nusu. Dawa ya maumivu, kila saa nne. Mazungumzo: kumbukumbu, shukrani, kupumzika.

Ngazi nilizijua. Ya kwanza mtoto, ya pili kijana, ya tatu mtu mzima, ya nne mzee. Ukifika miaka sabini unaingia ya nne moja kwa moja, ndivyo nilivyofundishwa. Nikamwambia hivyo.

"Huo mlango mmoja," akasema. "Mwanzoni ilikuwa inahesabu miaka tu. Wakaja wakaona kijana anayekufa hataki kuambiwa niaje. Anataka aongeleshwe kama mzee. Taratibu, kwa heshima, aulizwe ya zamani, asisumbuliwe. Basi wakaongeza mlango wa pili. Sasa inaangalia na siku ulizobakiza."

"Fausta kabakiza ngapi?"

"Tatu."

Alilisema kama anataja bei ya nyanya, lakini kidole chake kilikuwa kinafuta sehemu moja ya meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Akipata nafuu itamrudisha ya kwanza?"

"Ngazi haishuki. Tuliwahi kuuliza. Nafuu ikija huku juu, Rika inaandika nafuu ya mwisho."

"Lakini imemkatia sindano, sista. Sasa atapona na nini?"

"Kati ya mia inapatia tisini na saba."

"Inapatia kwa sababu inakata dawa."

Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe hujafanya kazi kabla ya Rika. Mimi nimefanya. Nilikuwa nawachoma watoto sindano kumi na mbili kwa siku, wamefungwa mikono kitandani, wanakufa huku wananichukia. Hicho hujakiona."

"Na waliopona?"

"Walinichukia pia."

Halafu akanikumbusha sheria, ingawa naijua. Ndugu wa mgonjwa hawaambiwi ngazi. Rika yenyewe ndiyo itawaambia, kwa wakati wake, kwa lugha ya umri wao. Mhudumu atakayefungua mdomo anakatwa bangili, na ukikatwa bangili hakuna mlango wa hospitali utakaokufungukia tena, si kwa kazi, si kwa kuumwa.

*

Mama yake Fausta alifika saa mbili na chupa ya uji. Efrazia, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, buti za mvua mpaka magotini, kitenge kimefungwa juu ya koti. Alimkuta mwanawe anahojiwa.

"Niambie ya zamani, Fausta," Rika ilikuwa inasema.

"Zamani nilikuwa darasa la kwanza."

"Unamkumbuka mwalimu wako?"

"Ndiyo. Ni mwaka jana tu."

"Umefanya mengi."

Fausta akafikiri. "Nimefuga sungura."

"Umefanya mengi, Fausta. Mtu aliyefanya mengi ana haki ya kuchoka."

"Nimechoka," akasema Fausta, na kweli akafumba macho. Niliona mabega yake yanalegea. Jana huyu huyu alinipiga teke nikimfunga bendeji, na nilifurahi, maana teke ni nguvu. Sasa alikuwa amelala kama mtu aliyeruhusiwa.

Rika ikahamia kwa mama, kwa sauti ya mtu mzima, ya chini, iliyonyooka. "Mama Fausta, habari za asubuhi. Mwanao amepambana sana. Leo hatutamchoma sindano. Tumwache apumzike."

"Asante," akasema Efrazia. Akakaa, akamshika mwanawe mguu ule usio na kidonda. Halafu akaniambia mimi, "Ina huruma hii mashine. Jana alilia mpaka akapaliwa."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye korido, simu mkononi, natafuta wa kumpigia, na sikupata. Ningempigia nani nimwambie nini? Kama nikinyamaza, mtoto atakufa vizuri, hana maumivu, na mama yake atashukuru. Kama nikisema, huenda atakufa vibaya, anapiga kelele, na mimi ndiye niliyesababisha.

Nikarudi. "Mama, njoo unisaidie kubeba shuka."

Kwenye chumba cha kufulia nikafungua bomba mpaka mwisho, nikamwambia kila kitu. Ngazi, siku tatu, Mwinami, mwalimu. Efrazia hakulia. Alishika ncha ya kitenge, akaikunja, akaikunja tena.

"Mkiendelea na sindano atapona?"

"Sijui. Anaweza kupona. Anaweza asipone, na atakuwa ameumia bure."

"Nani anaamua?"

"Rika imeshaamua."

"Nimeuliza nani anaamua."

Maji yalikuwa yanapiga kelele kwenye sinki. "Ni wewe, mama," nikasema. "Nadhani ni wewe. Ndiyo maana nimekuita."

Akaikunjua ile ncha ya kitenge. "Basi achomwe."

Lakini dawa hainunuliwi dukani, na droo ya kitanda haifunguki mpaka Rika ikubali. Njia ilikuwa moja, na niliifikiria nikiwa bado naogopa kuifikiria. Bangili. Wahudumu tunavaa pia. Ya kwangu inasema Oliva Msemwa, miaka ishirini na mbili, kilo 55, ngazi ya pili, umri bado mwingi. Bangili hiyo ikikaa kwenye mkono wenye homa, Rika itadhani mimi ndiye ninayeumwa, na mimi itanipigania.

"Tatizo ni kwamba dawa itakuja ya kilo hamsini na tano," nikamwambia. "Ikiingia yote kwa Fausta itamuua. Na mimi sijawahi kupima dawa. Bomba la sindano linatoka limejazwa tayari. Hawakutufundisha."

"Bomba lina mistari?"

"Kumi."

Hata sikumaliza kuandika hesabu kwenye simu. "Minne yake," akasema Efrazia. "Sita mwaga." Simu ikaleta jibu hilo hilo. Nikamtazama. "Ndama simpi dawa ya mama yake," akasema. "Napima kilo, nagawanya. Miaka kumi na mitano nachoma mwenyewe."

"Mtoto si ndama, mama. Sista anasema mwili wa mtoto una hesabu zake nyingine."

"Najua si ndama." Akafunga bomba la maji kwa mkono wake. "Na ndama nimeshazika mmoja. Nilikosea mstari."

Tulirudi wodini kila mtu na shuka zake.

*

Bangili ya Fausta ilitoka kwa sabuni, mkono ulikuwa umekonda kiasi hicho. Ya kwangu nilimfunga kwa plasta. Ya kwake haikunienea, nikaibana chini ya mkanda wa saa, iguse ngozi, nikavuta sweta juu yake. Bibi Agripina alikuwa anatutazama. Nikamwekea kidole mdomoni. Akageukia ukutani, akaanza kukoroma kwa kujifanya. Devota alikuwa amelala kweli.

Sekunde kumi, labda ishirini. Kispika kikakwaruza.

"Oliva, vipi, mbona una homa?" Rika ikasema, na sauti ilikuwa ile ya rafiki yangu, ya kunitania kila siku. "Thelathini na tisa nukta sita. Hapana, hii hatuichekei. Tunaanza dawa sasa hivi."

Droo ikafunguka. Ndani kulikuwa na bomba limejaa mpaka mstari wa kumi.

Efrazia alilichukua, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasukuma. Sita ikaingia kwenye beseni langu. Akatazama tena. Akaniambia nitazame na mimi. Nikatazama mpaka mistari ikaanza kucheza machoni.

"Mama, Rika ilisema leo hakuna sindano," Fausta akanong'ona.

"Rika haijakuzaa."

"Itauma?"

"Itauma."

Akaisukuma dawa kwenye mrija wa dripu taratibu sana, midomo yake ikihesabu. Fausta alilia, akanipiga teke. Nikalipokea teke lile kama mshahara.

Nilibeba beseni kwenda kulimwaga. Kwenye korido, mbele ya mlango wa famasi, kispika cha ukutani kikasema, "Shikamoo, Fausta."

Nikaganda. Sista Gaudensia alikuwa anakuja upande wangu na faili kifuani, na pale kwenye korido hapakuwa na Fausta yeyote. Palikuwa na mimi.

"Unatembea leo," Rika ikaendelea, kwa ile sauti ya heshima. "Ni nafuu ya mwisho. Ifurahie, usiharakishe."

Sista alisimama. Akakitazama kispika. Akanitazama uso, akashuka mpaka mkononi, pale kipande cha bangili ya kitoto ya njano kilipochungulia. Nikafikiria mama yangu, kwamba siku akilazwa sitafunguliwa mlango hata wa kwenda kumwona.

"Oliva," akasema.

"Abee, sista."

"Vuta mkono wa sweta. Baridi."

Akanipita. Hakugeuka.

*

Tulichoma kila baada ya saa nane. Minne yake, sita mwaga.

Siku ya pili ilikuwa mbaya kuliko zote. Fausta alitapika, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, mashavuni kukatoka madoa mekundu. Efrazia alishika bomba la mchana mkononi na hakulisukuma.

"Ni ugonjwa au ni mimi?" akaniuliza. "Nimemzidishia?"

Sikujua. Yeye hakujua. Aliyeweza kujua alikuwa Rika peke yake, na hatukuweza kuiuliza, maana yenyewe ilidhani anayetetemeka ni mimi, na vipimo vyote ilikuwa inavisoma kama vya mtu wa kilo hamsini na tano. "Komaa Oliva, tunalivuka hili," ilikuwa inasema juu ya kichwa cha mtoto. Tulisimama pale watu wazima wawili na dawa ambayo ama ilikuwa inamponya ama ilikuwa inamuua. Efrazia alifumba macho, akafumbua, akasukuma. Mpaka leo sijui ni ujasiri gani ule.

Na mimi nilikuwa na langu. Kila nilipopita, ukuta uliniamkia. Ngazini: shikamoo, kaa kidogo. Chooni: shikamoo, kumbuka wanaokupenda. Milango ilianza kunifungukia taratibu, kama inaogopa kunigonga. Mwanzoni nilikuwa natukana kimoyomoyo. Kufikia jioni ya siku ya pili Rika ikasema, "Umefanya mengi, unaweza kukaa," na nikakaa. Nilikaa kwenye ngazi, mgongo ukutani, na nakwambia ukweli, ilikuwa raha. Sikutaka kunyanyuka. Nilianza kukumbuka shule, bibi yangu, mvua za kwetu. Hakuna kitu kilichokuwa kinaniuma, sikuwa mgonjwa hata kidogo, na bado nilikuwa naaga.

Efrazia ndiye aliyenikuta. Alinivuta kwa kola.

"Nyanyuka. Saa ya dawa."

"Nimechoka, mama."

"Hujachoka. Umeambiwa."

*

Siku ya nne alfajiri Rika ikasema, "Oliva, homa imekwisha. Thelathini na saba kamili. Nilikwambia tutalivuka." Fausta alikuwa amekaa, anakula kiazi cha kuchemsha, anaomba chumvi. Yale madoa yalikuwa yamefifia. Nikachukua bangili yangu, nikamvisha ya kwake haraka, maana saa kumi na mbili ilikuwa imekaribia na siku tatu za Rika zilikuwa zimepita.

Sista Gaudensia alisogea mpaka mlangoni mwa wodi akasimama, mikono mifukoni.

"Shikamoo bibi," Rika ikamwambia Bibi Agripina.

"Marahaba. Kaulize huko mbele, mimi sina jipya."

Kitanda cha pili. Efrazia akamshika mwanawe bega.

"Shikamoo, Fausta."

Fausta alimeza kiazi. "Marahaba. Hujambo?"

Na tukacheka. Bibi Agripina ndiye aliyeanza, akakohoa, akacheka tena. Efrazia akajiziba mdomo na kitenge, machozi yanamtoka. Rika haikujua kushuka ngazi. Mtoto huyu atatoka hapa kwa miguu yake, atakwenda shule, ataolewa akitaka, na kila hospitali atakayoingia ukuta utamwamkia kwa heshima kama bibi wa miaka tisini. Na aamkiwe. Hata Sista Gaudensia alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanacheka.

"Mimi ni mkubwa," Fausta akatutangazia.

"Mkubwa mwenyewe unajipaka kiazi puani," akasema Devota kutoka kitanda cha tatu. Alikuwa amejiegemeza kwenye mto, tumbo limevimba kidogo tangu jana, lakini anatabasamu, anasubiri salamu yake. "Haya Rika, mimi vipi? Kioo changu?"

Kispika juu yake kikakwaruza.

"Shikamoo, Devota," ikasema Rika. Polepole. "Umelalaje?"

Kicheko kilikatika hapo hapo. Devota bado alikuwa anatabasamu, anatutazama mmoja mmoja, anasubiri tumwambie ni utani. Nikamtazama Sista. Sista alikuwa ameshatoa mkono mfukoni, na mkononi mwake mlikuwa na bangili yake mwenyewe, ameshaivua.

Efrazia alifuta macho kwa kitenge. Akasogea karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya maziwa kwenye koti lake, akamtazama Devota, akauliza kwa sauti ya chini ili ukuta usisikie:

"Huyu ana kilo ngapi?"